Barua ya Tarishi

Nisikilizeni, maana mshinde husimulia mara moja tu
na mimi sitarudia.

Ilikuwa Santiago, kule ndani ya kisiwa,
ukumbi wa mpira wa kikapu wa shule ya sekondari,
Agosti, feni tatu, mbili zimekufa.
Mimi, Wascar, niliingia na Malkia wa Radi:
mrefu, mwepesi,
pigo lake la kwanza hufika kabla hujakunja uso.
Kila aliyetaka kushinda alimchukua yeye.
Sikuona haya. Nani huenda vitani na mwiko
ilhali panga lipo?

Yeye alimchagua Tarishi.

Mnamjua Tarishi? Hamumjui, na hilo ndilo neno.
Mzee wa posta, kibiongo, begi begani,
mkono mfupi kama wa mtoto anayeomba chumvi dirishani.
Kwenye orodha za wajuzi yuko chini,
chini ya wa chini, pale wino unapoisha.
Waliomuumba walimsahau; kila mwaka
huwanoa wengine, yeye humwachia kutu.
Ana silaha moja ya ajabu: hurusha barua juu,
ikapotea nje ya kioo, ikashuka baadaye,
baadaye sana, mahali ambapo adui hayupo tena.
Watu huicheka barua ile.
Nami nilicheka. Kwa sauti.

Eridania hakugeuka.
Binti wa Los Mina, fundi wa vioo vya simu,
vidole vyake vina makovu membamba ya vigae.
Alifuta vitufe kwa upindo wa shati
akaketi wima, kama mtu anayesubiri kuitwa benki.

Mchezo wa kwanza wangu. Wa pili wangu.
Wa tatu sijui ulikwendaje.
Wa nne nikaanza kuona: harudi nyuma kwa woga,
anapima.
Nikipiga, anapokea kwenye ngao,
anasogea nusu hatua, basi,
kama mwenye duka asiyekimbizana na mdeni
kwa kuwa kiberiti kitamwishia tu.

Mbili kwa mbili, umeme ukakatika.

Ukumbi mzima uliguna. Giza lenye jasho.
Karibu yangu nikasikia sauti ndogo ikihesabu:
sitini na nane, sitini na tisa, sabini.
Nikadhani anasali.

Jenereta ikakohoa. Mwamuzi akasema turudie.
Alikuwa akiongoza; nikangoja alalamike.
"Sawa," alisema,
akafuta tena vitufe.

Mwishoni nilimbana ukutani.
Uhai wake ulibaki unywele mmoja mwekundu
kwenye ukingo wa kioo.
Malkia akainua ngumi. Rafiki zangu wakasimama.
Nilikuwa nimeshinda, naapa, mwili ulishajua,
mabega yalishashuka.

Kisha barua ikafika.

Ile aliyoirusha tukiwa bado mbali,
ile niliyoiona nikaisahau.
Ilishuka polepole kama karatasi yoyote
ikamgusa Malkia utosini.
Pigo dogo. Dogo mno.
Lakini nami nilikuwa nimebakiza kidogo, na sikutazama;
nani hukagua madeni siku ya harusi?

Mdharau mwiba mguu huota tende, walisema wahenga.
Hawakusema kwamba utavimba
mbele ya watu mia mbili.

Taji hakulitwaa. Fainali alifungwa na kijana wa Bonao,
mwenye Malkia kama wangu. Jina lake limenitoka.

Nilimkuta Eridania mlangoni, anakula muhogo wa kukaanga.
Nikamuuliza, kwa nini huyo, miaka yote hii?
Alitafuna mpaka mwisho.
"Wengine nikiwabonyeza wanatii.
Huyu inabidi tukubaliane."

Halafu akauliza kama basi la saa mbili limeshaondoka.
Lilikuwa limeondoka.
Tukakaa kwenye ngazi kungoja la saa tatu.
Mimi nilitazama simu kila dakika.
Yeye hakutazama.